Maharagwe Yako Hayakupungua

Kiprono,

Sikuulizi hali. Jibu nalijua, na hata ulipokuwa hai hukupenda salamu ndefu karata zikishagawiwa. Sisi huku tupo. Pale hotelini ulikokuwa ukipika wamemwajiri mpishi mpya, na watu wanasema mchuzi wake ni maji ya kunawia. Upepo wa Januari umeanza kupandisha lile vumbi jeupe la ziwani, na mkeo sasa anafunika maziwa kwa vitambaa viwili badala ya kimoja. Mbele ya nyumba yenu pale Section 58 wamechimba mtaro, wakaweka ubao wa kuvukia. Hizo ndizo habari. Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya mtaro. Nina jambo la Mutiso na la mashindano yetu ya karata ya Desemba, na nisipokwambia wewe nitapasuka.

Nianzie mazishini, maana huko ndiko Mutiso alikonichokoza.

Siku tuliyokupeleka Olenguruone barabara ilikuwa uji mtupu. Lori la Singh seremala lilikwama, tukashuka tukalisukuma na makoti yetu ya kanisani. Mimi nilikuwa nasukuma huku napanga maneno. Nilijua nitasema nini juu yako. Ningewaeleza watu wa kwenu jinsi yule mzungu wa Njoro uliyempikia miaka mingi alivyouza shamba na kurudi kwao baada ya uhuru, akakuachia pakiti ya karata. Ningewaeleza tulivyozihesabu mezani kwangu tukakuta saba ya kopa haimo. Ukakata kadibodi ya boksi la majani ya chai kwa makasi, ukachora kopa saba kwa kalamu yangu nyekundu, mimi nikikushikia rula. Zilitoka kama nyanya zilizokanyagwa. Tulicheka hadi mke wangu akaja kutazama kuna nini.

Hadithi hiyo ni yangu. Chumbani tulikuwa wewe na mimi.

Basi akasimama Mutiso kabla yangu. Akasimama na urefu wake wote, na sare zake za jeshi zilizopigwa pasi, akawasimulia watu wa Olenguruone habari ya saba ya kopa. Akaisimulia vizuri, Kiprono, nakwambia ukweli unaoniuma. Wazee walicheka kando ya kaburi. Hata mama yako alitabasamu chini ya leso. Na alisema "tulikata kadibodi." Tulikata! Wakati unaikata hiyo kadibodi huyo mtu alikuwa bado hajaletwa Gilgil kuendesha malori ya jeshi. Alikuwa kwao Machakos, hajui karata wala hakujui wewe. Akamaliza kwa kusema kwamba ulikuwa ukimwita ndugu yako wa mkono wa kulia.

Mimi ulikuwa ukiniita ndugu yako wa mkono wa kushoto. Miaka yote hiyo nilidhani ni kwa sababu naketi kushotoni kwako tukicheza, na kwamba hakuna mwingine mwenye jina la namna hiyo. Sikujua umegawa mkono wa pili.

Nilipoitwa, hadithi yangu ilikuwa imeshasimuliwa. Nikasema ulikuwa mtu mzuri, nikaketi.

Tangu siku hiyo sikumpenda tena. Alikuja nyumbani kwangu mara mbili baada ya mazishi, amebeba mkungu wa ndizi, nikamwambia mke wangu aseme nimeenda kazini. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachonga mpini wa jembe ambalo halikuhitaji mpini. Nilimsikia akiuliza kama nakula vizuri. Inamhusu nini kama nakula?

Maana mimi ndiye uliyenifundisha kwanza. Unakumbuka ulivyokuwa ukija kazini kwangu karakana ya reli mchana, saa zile hoteli imetulia, tukakaa juu ya sanduku la spana? Ukanieleza ulivyojifunza poka bila mtu kukufundisha, umesimama nyuma ya viti vya wazungu na sinia mkononi. Kila mmoja wao aliona karata zake tano tu, na wewe ukaziona za meza nzima, na hakuna aliyefikiri kwamba una macho. Ukaniambia, "Usiniangalie uso, Wekesa. Uso unadanganya. Angalia mikono." Nikajifunza mikono yako. Ukipata karata nzuri kidole gumba kilikuwa kinapapasa pembe ya karata ya mwisho, polepole, kama unayeangalia kama chapati imeiva. Siri hiyo sijamwambia mtu. Mara nyingi nilikuona ukipapasa, na bado nikakufuata nikashindwa, kwa sababu ilinifurahisha kukuona ukishinda.

Sijui Mutiso naye ulimwonyesha nini. Sitaki kujua. Nataka kujua.

Basi Desemba ikafika, Jumapili ile ya baada ya Krismasi. Singh alifagia karakana yake ya useremala kama kila mwaka, akaunganisha meza mbili za kurandia mbao, akatandika blanketi. Tulikuwa wale wale, pamoja na walimu wawili kutoka Njoro walioletwa na udadisi. Kila mtu alikuja na nafaka yake kutoka nyumbani, kama ulivyoweka sheria wewe mwenyewe Singh aliposema pesa zisionekane mezani kwake. Yeye Singh na dengu zake, mimi na maharagwe mekundu ya sokoni, Mutiso na mbaazi alizotumiwa na mama yake kutoka Ukambani. Walimu walikuja na mahindi, tukawacheka, tukawaruhusu.

Na mkeo akaja. Alikuwa amevaa ile sweta yako ya kijani, mikono ameikunja. Alibeba bakuli la maharagwe yenye madoadoa kutoka shamba la kwenu, na pakiti yako ya karata imefungwa kwa kitambaa. Akasema mwaka huu zawadi haitakuwa jogoo. Tutazichezea zile zile, na atakayeshinda ataondoka na karata za Kiprono.

Moyo wangu uliruka, bwana. Nilizitaka hizo karata kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilijiona nimeziweka kabatini kwangu, nikitoa ile saba ya kopa na kumwonyesha mgeni, na kusema, kalamu ilikuwa yangu.

Halafu kulikuwa na kiti chako. Unaikumbuka desturi uliyoianzisha mzee Opiyo alipofariki? Ulisema mtu wa meza hii hafukuzwi kwa sababu amekufa. Desemba ya kwanza baada ya kifo chake atawekewa kiti, atawekewa maharagwe yake, atagawiwa karata kama sisi, kifudifudi, na hakuna atakayezifungua. Kila raundi mtu mmoja atamtolea haragwe moja la kiingilio, na zamu yake ikifika atamsemea kwamba amelala, yaani karata zake zinarudi na haragwe lake linabaki katikati. Atacheza hivyo hadi maharagwe yaishe, na yakiisha tunasimama, tunakiondoa kiti, tumemaliza kumsindikiza. Wewe ndiye uliyemshikia Opiyo maharagwe. Nakumbuka ulivyokuwa ukiyatoa, moja moja, kwa adabu.

Sasa nani atakushikia wewe? Mimi sikuwa na swali. Nilikuwa nimenawa mikono mara mbili. Nilishaanza kunyoosha mkono kupokea bakuli, na mkeo akanipita, akalipeleka kwa Mutiso.

Singh alinitazama. Mimi nikajifanya naondoa unga wa mbao kwenye shati.

Tukaanza kucheza. Ukiniuliza nilichezaje, nilicheza kwa hasira, na hasira ilinisaidia. Walimu walikwenda haraka. Mmoja alinitisha na karata mbovu, nikamwangalia mikono, nikaona anavyozibana, nikamfuata nikazoa mahindi yake yote. Kiti chako kilikuwa kati yangu na Mutiso. Ungekaa hapo ungekuwa na mimi kushoto na yeye kulia, kama ulivyotuita. Kila zamu yako ilipofika alisema, "Kiprono amelala," kwa sauti ya chini, na kila mara nilisikia kama amenikanyaga kidole. Mara ya kwanza kabisa hata nilisahau, nikakaa nakungoja uongee.

Mchana ukasonga. Singh naye akaishiwa dengu, akabaki wa kugawa karata tu. Mezani tukabaki mimi, Mutiso, na wewe. Na hapo nikaanza kuona kitu. Bakuli lako lilikuwa bado limejaa.

Haikuwezekana. Umetoa haragwe kila raundi tangu tumemaliza kunywa chai, hujashinda hata raundi moja, na bakuli limejaa. Na rundo la Mutiso, aliyekuwa anacheza vizuri na kushinda, lilikuwa linapungua. Nikaacha kuangalia karata zangu. Nikaangalia mikono, kama ulivyonifundisha. Hakuona kwamba namwangalia. Aliweka mbaazi moja ya kwake katikati. Kisha mkono ukaenda kwenye bakuli lako, ukagusa maharagwe, ukarudi ukapitia kwenye rundo lake, na kikaanguka katikati kitu kidogo. Mbaazi nyingine.

Nikapekua rundo langu. Nilikuwa nimezoa sehemu kubwa ya kilichopita katikati siku ile. Palikuwa na mekundu yangu, dengu, mahindi, na mbaazi nyingi ajabu. Lenye madoadoa halikuwemo hata moja.

Nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu. Nikasema kwa sauti kwamba Mutiso anachezea maharagwe ya marehemu. Mkeo aliacha kukoroga chungu cha mahindi kilichokuwa motoni. Mutiso alishusha macho kama mtoto wa shule. Singh ndiye aliyejibu.

"Wekesa, kaa chini. Yeye naweka yake. Yake moja, ya Kiprono moja. Mimi naona tangu mwanzo."

"Kwa nini?" nikamwuliza Mutiso.

"Nilijaribu kutoa yake ile raundi ya kwanza," akasema. "Mkono ulikataa. Sitaki ikuwe ni mimi nimemtoa kwa meza."

Nikaokota kiti changu nikaketi. Wewe unanijua. Ungedhani moyo wangu ulilainika. Haukulainika, uliwaka. Kiprono, kwa nini si mimi niliyefikiria jambo hilo? Mimi niliyekujua kabla yake, mimi niliyekushikia rula. Nilikuwa nimekaa hapo tangu asubuhi nahesabu jinsi ya kushinda karata zako, na mtu wa Gilgil alikuwa anajimaliza kidogo kidogo ili wewe ubaki umeketi. Niliwahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya mshahara, na kwa sababu ya baiskeli. Huu ulikuwa wivu mwingine.

Raundi chache mbele mbaazi zake zikaisha. Nilimshinda kwa malkia wawili, ushindi wa ovyo, dhidi ya mtu aliyekuwa analipia viti viwili. Akasukuma bakuli lako likaja mbele yangu.

"Sasa ni wewe," akasema.

Nilichokuwa nakililia tangu asubuhi kikawa mikononi mwangu. Nilikuwa mshika maharagwe wako, na mchezaji pekee aliyebaki. Na kanuni ni kanuni: nikitaka karata zako ilinibidi nikutolee haragwe, niseme umelala, nilichukue. Tena. Tena. Hadi bakuli liwe tupu, nikumalize mimi.

Singh akagawa. Ilikuwa alasiri, jua limeingia mlangoni, na katikati ya karata zako tano zilizolala kifudifudi ilionekana wazi ile saba ya kopa, nene kuliko wenzake, na mgongo wake una maandishi nusu ya lile boksi la chai. Sote tulijua kwamba unayo. Nikaangalia za kwangu. Nilikuwa na wafalme wawili.

Nikatia kiingilio changu. Kisha nikachukua haragwe lako moja. Lilikuwa bado na majivu, yale majivu ya jikoni ambayo mkeo huchanganya ili maharagwe yasiliwe na wadudu. Yalibaki kwenye vidole vyangu. Nikakumbuka nilivyokula kwenu maharagwe hayo hayo, wewe ukiniongeza sahani bila kuniuliza. Mkono wangu nao ukakataa.

Nilifikiri kuweka la kwangu badala ya lako. Ningefanya hivyo mara moja, lakini Mutiso alikuwa amekaa pale ananitazama, na mimi simwigi Mutiso mbele ya watu.

Nikarudisha haragwe bakulini. Zamu yako ilipofika nilitakiwa niseme kwamba Kiprono amelala. Nikasema, "Mimi ndiye nimelala." Nikafunika wafalme wangu, nikasukuma rundo langu lote, mekundu na dengu na mahindi na mbaazi, hadi upande wako wa meza.

"Wewe nafanya nini?" Singh akauliza.

"Ameshinda," nikasema. "Andaeni chakula."

Hakuna aliyefungua karata zako. Singh alizichanganya na nyingine akazifunga kwenye kitambaa. Mpaka leo nikilala najiuliza zile nne nyingine zilikuwa nini. Na usidhani nilifanya vile kwa upendo mtupu. Nilitaka kumpita Mutiso. Yeye alikulipia kiti, mimi nikakupa meza yote. Nilipogeuka kumtazama ili nione kama imemuuma, nikakuta analia, na hajafuta hata machozi. Hata hapo alinitangulia.

Mkeo alimwaga nafaka zote kwenye chungu kikubwa pamoja na mahindi, kama kila mwaka, tukala githeri ya mashindano. Nilikuwa nachungulia sahani ya Mutiso kuona kama amepata yenye madoadoa mengi kuliko mimi. Alipata. Nilimwuliza mkeo kwa nini hakunipa bakuli mwanzoni, na akanijibu bila kuzunguka.

"Wewe ulikuja kushinda, shemeji. Nilitaka mtu hakuji kushinda."

Nikamwambia nimeshindwa sasa. Akacheka, kicheko cha kwanza tangu tukuzike, na akaniongeza githeri bila kuniuliza.

Karata zako amebaki nazo yeye, kwa kuwa mshindi ni wewe. Alisema anayetaka kuzicheza aje nyumbani Jumapili baada ya kanisa, atakuta chai. Ndivyo tunavyofanya sasa. Jumapili ya kwanza nilitoka mapema, niliruka hata wimbo wa mwisho. Nikavuka ule ubao wa mtaro, nikijiambia kwamba nitakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, mahali pako. Mlangoni nikakuta buti za jeshi zimepangwa vizuri, kisigino kwa kisigino. Alikuwa ndani, anamenya viazi na mkeo, na anamsimulia habari ya saba ya kopa.

Nilisimama pale mlangoni na hasira zangu. Halafu akaniona, akaweka kisu chini. "Wekesa," akasema, "endelea wewe. Mimi sikukuwa hapo. Nilisikia tu kwa Kiprono, kila tukisafiri. Alikuwa anasema kalamu ni yako."

Ulikuwa unasema kalamu ni yangu. Ulipanda malori yake hadi Gilgil na kurudi, na mlipokuwa njiani ulikuwa unanizungumzia mimi. Nikavua viatu, nikaviweka kando ya buti zake, nikaisimulia tangu mwanzo, na rula yangu ndani.

Bado namwonea wivu, usije ukadhani nimepona. Anajua safari zenu ambazo mimi sikuwamo, na huwa ananipa moja kila Jumapili, moja tu, kwa ubahili. Mimi nami nampa moja ya karakana ya reli. Ya kidole gumba sijampa.

Lala, ndugu yangu. Nakuahidi kiti chako hakitakosa wa kukilipia, iwe kwa maharagwe yangu au kwa mbaazi zake. Na jingine nakuahidi, hili ni kati yetu. Jumapili hii nitafika kabla yake.

Ni mimi, wa mkono wa kushoto, na wa kwanza,

Wekesa